Kigingi cha Kwanza

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi
navaa mabuti ya marehemu baba, yaliyonizidi,
naingia pembeni mwa msitu wa Veluwe
kuhesabu kitu nisichokiona.

Vigingi vitano, kila kimoja na vibomba vitatu
vyepesi, vifupi kuliko kidole cha mtoto,
vimening'inia midomo chini kama popo.
Ndani ya kifuniko, kikaratasi kilicholoweshwa tindikali
kinangoja amonia ipite, kiinase.
Hakuna injini, hakuna taa.
Ni kungoja tu; nami naja kuchukua kilichongojewa.

Kigingi cha kwanza kiko hatua sabini
kutoka mabanda ya kuku ya Evert Wolfswinkel.
Cha tano kiko ndani kabisa,
mahali nilipodhani, mwaka ule nilipoanza,
hewa ni safi.

Usinielewe vibaya. Nimelelewa na nguruwe mia nne.
Harufu ile ndiyo iliyonilipia karo,
ikakaa kwenye nywele zangu darasani
hata walioketi nyuma yangu wakahama.

Ardhi hii ilikuwa maskini, ikajua kuishi:
mchanga, baridi, vijiua vya zambarau
vilivyozoea kulala njaa.
Sasa mbingu inavilisha usiku na mchana,
na shibe mwana malevya.
Nyasi zimenenepa, zimevilalia.
Mialoni imenyolewa ndevu zake za kijivu,
magome yamepakwa unjano wa namna moja,
ule upendao vinono.

Chini, udongo umechachuka.
Chokaa imeoshwa, imezama.
Konokono hana cha kujengea nyumba,
basi hajengi; basi hayupo.
Na yule ndege mdogo wa kifua cha njano
atafutaye kombe la konokono
ili yai lake lipate ganda, na mwanawe mfupa,
anapekua majani, anapekua, anapekua.

Mwezi wa tano nilifungua kiota cha mbao.
Vifaranga sita. Nilipomwinua mmoja
mguu ulipinda mkononi mwangu
bila sauti, kama njiti ya kiberiti iliyolowa.
Nilimsimulia Evert. Alikoroga kahawa
isiyokuwa na sukari.

Mwezi wa nane, kigingi cha kwanza
kilitoa namba ndogo kuliko cha tano.
Maabara wakaniuliza kama nimechanganya lebo.
Sikuchanganya. Shingoni mwa kigingi
palikuwa na alama, duara jembamba,
la mpira ule wa kufungia trei za mayai.
Mtu alivivisha vibomba mfuko,
akauvua usiku wa kuamkia Jumanne.
Niliandika kwa penseli: *haifai*.
Sikuandika nani.

Mwezi uliofuata Hendrikje alikata keki ya tangawizi
vipande vinene mno, akatuacha.
"Nina miaka kumi na mmoja ya mkopo,"
Evert aliliambia dirisha.
"Na ile mitambo ya kuchuja hewa waliyoniuzia
haichuji walivyosema."
Kisha akanigeukia:
"Yule ndege wa mguu. Ni wangu?"

Ningependa kumjibu kwa namba.
Lakini kibomba hupima kiasi, hakimjui mwenyewe.
Kuna ya Evert humo, kuna ya jirani,
kuna ya baba yangu, aliyekwisha zikwa,
na nguruwe wake, waliokwisha liwa,
ingali udongoni, ingali inafanya kazi.

"Sehemu," nilisema.
"Sehemu," alirudia,
kama mtu ajaribuye uzito wa gunia
kabla ya kuamua kulibeba.

Leo amenifuata mpaka kigingini.
Amekishika kwa mikono miwili
ingawa hakitikisiki.
Nimefungua vifuniko: kimoja, cha pili, cha tatu.
Upepo unatoka upande wa mabanda yake
na sote wawili tunapumua.

"Huwa unaandika saa?"
"Naandika."
Akatazama mkono wake. Saa nne na dakika saba.
Akaichukua penseli yangu,
akaandika mwenyewe.